Modemu ni mkalimani: kabla ya kununua ingine, soma hii

Kila wakati wa kutuma dosye za burse ao za kazi, swali linarudi: "Modemu gani iko muzuri kwa huku kwetu Kirolirwe?" Kabla ya kutoa dola zako, tuelewe kwanza kazi ya hii mashine.

Kompyuta inajua 0 na 1 tu. Njia inayoenda kwenye intaneti, iwe waya ao hewa, inabeba mawimbi. Modemu njo mkalimani kati yao: ukituma, inaweka zile 0 na 1 ndani ya wimbi, ukipokea, inazitoa tena. Jina lenyewe linatokana na hizo kazi mbili: modulata na demodulata.

Zamani wimbi hilo lilikuwa sauti. Waya wa telefone ulitengenezwa kwa kubeba sauti ya mtu, hertzi 300 mpaka 3400 hivi, kwa hiyo modemu ilikuwa inapiga kelele ndani ya waya. Modemu za mwaka 1998 zilipokea kilobiti 56 kwa sekunde, na kutuma 33.6 tu. Dosye ya megabaiti 2 ingekuchukua karibu dakika 8, kama hakuna kitu kimekatika.

Sisi wengi hatukuwahi kuona ule waya. Modemu yetu ya USB inaongea na antena kwa mawimbi ya redio. Data inatembea vipande vitatu: kompyuta mpaka modemu, modemu mpaka antena, kisha antena mpaka mjini na dunia yote. Koneksio ikigoma, tafuta kipande gani kimekatika.

Alama za rezo hazionekani? Ni kipande cha pili. Kwenye barabara ya Sake–Kitshanga vilima viko kila upande, na kilima kinazuia wimbi. Badilisha nafasi, panda juu, ao tumia kamba ndefu ya USB modemu ikae dirishani, kompyuta ibaki mezani.

Alama zimejaa lakini hakuna ukurasa unaofunguka? Alama zinapima nguvu ya wimbi la antena tu. Kama forfe yako haijaisha, mara nyingi shida iko kipande cha tatu, ao watu wengi wanagawana antena moja. Modemu mpya haitasaidia kitu. Jaribu usiku sana ao alfajiri.

Unaona herufi E? Hiyo ni 2G. Kama antena inatoa 2G tu, modemu ya 4G nayo itashuka kwa 2G. Basi angalia kwanza telefone ya jirani inaonyesha nini hapo unapokaa.

Na hapa njo penye faida: telefone yako ya kisasa iko na modemu ndani. Washa kugawa koneksio, kompyuta itaingia kwenye intaneti bila kununua kitu kingine.

Satelaiti je? Nayo inatumia modemu, lakini inaruka kilima, mradi upate anga wazi na umeme. Zile za zamani ziko karibu kilometa 36,000 juu, kwa hiyo swali na jibu vinachukua kama nusu sekunde. Za Starlink, waliopewa ruhusa Kongo mwaka 2025, ziko kilometa mia kadhaa tu, ndiyo maana zinajibu haraka. Kwa mwanafunzi mmoja bei ni kubwa. Kwa kikundi kinachochanga, inawezekana kufikiria.

Rezo dhaifu haikupaswi kukunyima burse. Punguza uzito wa dosye, tuma siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, na pesa ya modemu iweke kwa forfe. Kama uko na mwenzako anayetaka kununua modemu wiki hii, muonyeshe hii kwanza.