Fahamu: Kwa nini nyuzi za gitaa la umeme hufa mapema Pwani

Mpiga solo wa Dutumi, Kibaha, anayekesha harusini ana maadui wawili: jasho na unyevu. Chumvi ya jasho hujipenyeza kwenye waya uliozungushwa kwenye nyuzi nene, kutu inaanza, na sauti inakuwa butu kabla hata uzi haujakatika.

Gitaa la umeme hunasa sauti kwa sumaku. Ndiyo maana nyuzi za shaba za gitaa kavu, zikifungwa humo, husikika hafifu. Nikeli tupu hutoa sauti nene na laini. Chuma kilichopakwa nikeli, ambacho ndicho wengi hutumia, kina ukali kiasi. Chuma kisichoshika kutu hulia kwa ukali zaidi na hudumu, ila hula freti, na fundi wa freti si wa bei rahisi.

Unene nao una neno. Uzi wa kwanza wa inchi 0.009 hupindika kirahisi, wa 0.010 una mwili zaidi. Kwa dansi la akina Msondo Ngoma, bendi iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mimi ningechukua 0.010.

Ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu.