Joto la Pwani na Mgonjwa Atokaye Nyabusozi

Desemba moja, baba yangu mdogo alisafiri kutoka Nyabusozi kuja Dar es Salaam kutibiwa macho. Alishuka kwenye basi akiwa na koti zito, kama alivyozoea kulivaa kila asubuhi nyumbani. Siku ya tatu, baada ya kusimama juani kwa muda mrefu akisubiri daladala, alianza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Katika zahanati alikopelekwa, mwili ulikuwa wa moto sana. Alifunikwa shuka, akachomwa sindano ya malaria kabla ya kupimwa. Nilipofika, joto la mwili wake lilikuwa limepita nyuzi 40. Kipimo cha malaria kilipofanywa hakikuonyesha vimelea. Alipona, lakini figo zake zilichukua majuma kadhaa kurejea katika hali yake. Kilichomwangusha ni joto la hewa.

Makala haya yanaeleza kwa nini joto la pwani humwelemea mgeni kutoka nyanda za juu, na nini kifanyike.

Kiangazi kimoja, maana mbili

Kwetu Nyabusozi, kiangazi ni Juni hadi Agosti: mvua imekatika, vumbi limejaa barabarani, na usiku blanketi halikosekani. Pwani, kiangazi huwa Desemba hadi Februari, wakati upepo wa kaskazi unapovuma. Mchana, joto la Dar es Salaam hufikia nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na usiku mara nyingi halishuki chini ya 24.

Sababu kuu ni tatu. Kwanza, jua la utosi hupita juu ya Dar es Salaam karibu na tarehe 10 Oktoba likielekea kusini, na hurudi mwanzoni mwa Machi. Miezi yote ya katikati haliko mbali na utosi. Pili ni mwinuko. Sehemu kubwa ya Biharamulo na Ngara iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila tunapopanda mita 1,000. Tatu ni Bahari ya Hindi yenyewe, ambayo majira hayo maji yake huwa na joto la nyuzi 28 au zaidi. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na hewa ya pwani hushiba unyevu.

Somo la mtungi

Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji kidogo hupenya kwenye vitundu vyake, hufika nje, na yanapokauka huondoka na joto. Ngozi yetu hufanya vivyo hivyo. Lita moja ya jasho, ikikauka yote juu ya ngozi, huondoa takriban kilokalori 580 za joto.

Lakini maji ya mtungi huko Dodoma, penye hewa kavu, hupoa kuliko ya mtungi wa Dar es Salaam. Hewa iliyokwisha kushiba mvuke haipokei mwingine kwa urahisi. Ndivyo ilivyo kwa jasho: hutiririka bila kukauka, mwili ukapoteza maji na chumvi pasipo kupata ubaridi. Kwa hiyo nyuzi 32 kivulini, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 70, mwili huzihisi kama nyuzi 41.

Mwili hujizoeza. Katika siku 7 hadi 14, jasho huanza kutoka mapema, huwa jingi zaidi, na chumvi yake hupungua. Hatari kubwa basi iko katika siku za mwanzo, na hizo ndizo siku ambazo mgonjwa wa rufaa hushinda kwenye foleni na vituo vya daladala.

Walio hatarini zaidi

Hawa ni wazee, watoto wachanga, wajawazito, na wenye maradhi ya moyo, figo au kisukari. Baadhi ya dawa pia huongeza hatari: dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, kama furosemaidi, na dawa zinazopunguza jasho, kama amitriptilini na klopromazini. Baba mdogo alikuwa akimeza kidonge cha kuongeza mkojo kila asubuhi. Mgonjwa asiache dawa kwa hiari yake. Amweleze daktari kwamba anasafiri kwenda pwani.

Dalili na hatua

Uchovu wa joto huja na jasho jingi, kiu, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Mgonjwa apelekwe kivulini, alegezwe nguo, apepewe, na anywe maji au mchanganyiko wa ORS: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi.

Kiharusi cha joto ni dharura. Joto la mwili hupita nyuzi 40, na mgonjwa huchanganyikiwa, hupata degedege au huzimia. Ngozi yaweza kuwa kavu, lakini jasho halikanushi ugonjwa huu. Avuliwe nguo, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe mfululizo wakati usafiri unatafutwa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Paracetamol haisaidii hapa, na kumfunika shuka humwongezea madhara.

Kwa wahudumu wenzangu

Mgeni kutoka Kagera mwenye homa anaweza kweli kuwa na malaria. Apimwe kwa kipimo cha haraka, na sukari ya damu ipimwe pia. Ila kumpoza kusisubiri majibu. Na kipimo kikionyesha malaria, bado joto la hewa laweza kuwa limechangia. Mgonjwa atibiwe yote mawili. Swali moja hufungua njia: "Mzee, umefika lini, na leo ulikuwa wapi?"

Kwa msafiri

Vaa nguo nyepesi za pamba. Fanya shughuli zako kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kunywa maji kabla ya kuona kiu; mkojo wa rangi iliyokolea ni ishara ya upungufu. Mwenye moyo au figo dhaifu amwulize daktari wake kiasi cha kunywa. Mtungi uliotunza insulini yako Nyabusozi hautapoza vya kutosha pwani. Tafuta jokofu, ila isigande. Na kama kliniki inaweza kusubiri bila madhara, omba tarehe ya Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe.

Baba mdogo alirudi kliniki Julai iliyofuata. Koti alikuja nalo, lakini safari hii lilikuwa limekunjwa mfukoni.