Boti Zinavyoshushwa katika Mfereji wa Regent, London

Mfereji wa Regent, uliokamilika mwaka 1820, hukatiza jiji la London kwa takriban kilomita 14, kutoka Paddington hadi Limehouse karibu na Mto Thames. Kutoka magharibi, boti hupita kando ya bustani ya wanyama ya Regent's Park bila kikwazo. Kazi huanza Camden, penye chumba cha kwanza kati ya vyumba 12 vya kushushia boti kuufuata mteremko wa mita 26 hivi.

Boti huingia chumba kikiwa kimejaa maji. Milango ya nyuma hufungwa, kisha msaidizi aliye ukingoni huzungusha hendeli kufungua matundu ya mbele. Maji hutoka, nayo boti hushuka.

Hapo ndipo penye hatari. Chini ya milango ya nyuma kuna kizingiti kinachojitokeza maji yanapopungua. Tezi ikikikalia, omo huzidi kushuka, na boti huweza kuzama kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo nahodha huisogeza mbele ya alama nyeupe iliyochorwa ukutani, na mshika hendeli hapaswi kuondoka: aonapo boti inainama, hufunga matundu mara moja.

Mbele ya King's Cross kuna handaki la Islington, mita 878, ambamo boti mbili haziwezi kupishana. Bahati njema, limenyooka. Nahodha huchungulia kwanza, na akiona taa ya boti nyingine ndani, husubiri.