Nyumba za kilimani: mawe ya Engaruka

Huku kwetu, mtu akipata parsele kilimani anaanza na jembe. Anakata mlima upande wa juu, udongo anautupa upande wa chini, mpaka apate pahali pa bapa pa kusimamisha nyumba. Kazi hiyo ni ya zamani sana. Kaskazini ya Tanzania, pahali panapoitwa Engaruka, alama zake zingali zinaonekana.

Engaruka iko upande wa Arusha, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kati ya karne ya 15 na ya 18 watu waliishi pale katika vijiji saba, kwenye mteremko. Mbona hawakushuka kwenye tambarare? Tambarare njo ilikuwa shamba lao. Mvula ya pale ni kidogo, basi walichimba mifereji ya kuleta maji ya milimani, wakanywesha karibu hektari 2000. Udongo kama huo nani ataujengea nyumba?

Nyumba zenyewe, za miti na majani, zilioza kitambo. Vilivyobaki ni viwanja, kimoja juu ya kingine, vimeshikwa mbele na kuta za mawe yaliyopangwa bila simenti.

Ule ukuta wa mbele una maana yake. Upande wa nyuma, pale ulipokata, nyumba inakaa juu ya udongo wa asili, mgumu. Mbele inakaa juu ya udongo wa kutupwa, ungali laini. Mvula ikinyesha, huo wa mbele unanyonya maji, unakuwa mzito, unashuka. Njo maana nyufa zinaanza paka upande wa bonde. Ukuta wa mawe makavu unashika udongo lakini unaacha maji yapite. Ukuta wa simenti usio na matundu unayafungia nyuma, mpaka siku moja unaanguka na kila kitu.

Lakini tusidanganyane: Engaruka ni kukavu, na mawe ni tele. Huku mvula ni mingi, kwa hiyo sherti uongeze mtaro nyuma ya nyumba, na maji ya bati yasimwagike mbele, wala kwa jirani wa chini. Tena kuna pahali ukuta hausaidii kitu. Kule Funu, Bukavu, mlima wenyewe unatembea polepole na nyumba zinapasuka. Kabla ya kununua parsele, piga hodi kwa majirani, uangalie kuta zao kama zina nyufa, na miti kama imeinama.