Balozi asiyejua lugha ya jirani atamtetea nani?

Mfanyabiashara mmoja wa mchele kutoka Walukuba, mjini Jinja, alinipigia simu usiku akiwa upande wa Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Magunia yake yalikuwa yamezuiliwa, na mkononi alikuwa na karatasi ya Kiswahili iliyopigwa mhuri. Neno moja tu ndilo alilolitambua humo: "kutaifishwa". Alikuwa tayari kuuacha mchele na kurudi nyumbani, ilhali mtaji wenyewe ulikuwa wa mkopo.

Kabla ya kunitafuta mimi, alikuwa amempigia afisa mmoja wa serikali yetu ambaye kazi yake ni kuwasaidia Waganda walioko nje. Afisa huyo alimjibu kwa upole, akamwomba kwanza atafute tafsiri ya Kiingereza.

Nilimwambia anisomee polepole, neno kwa neno. Karatasi ilisema mchele umezuiliwa kwa siku 7 ili mwenyewe alete kibali cha kusafirisha mazao nje, na kwamba utataifishwa iwapo muda huo utapita. Zilikuwa zimebaki siku 2. Kibali kilipatikana na mchele ukafika Jinja.

Mimi ni mwalimu mjini Mbale, lakini Kiswahili hicho sikukipata hapa. Wazazi wangu walikimbilia Kenya katika vurugu za miaka ya 1980, nami nikasoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ambamo Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani. Tuliporejea nilikuta lugha hiyo inaogopwa. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi waliisikia zaidi kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Wapo walioniuliza kama nami nilikuwa jeshini.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini imetugharimu. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni mema, ila mtoto anayeanza leo darasa la kwanza hatakuwa afisa ubalozi kesho. Je, hawa wanaotumwa sasa?

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unataja kulinda maslahi ya raia kuwa miongoni mwa kazi za ubalozi. Ni kweli kwamba kwenye meza kubwa ya mazungumzo mkalimani hupatikana, na Kiingereza hutosha. Lakini raia wa kawaida hakamatwi kwenye meza kubwa. Hukamatwa sokoni, kwenye kituo cha polisi au kwenye ghala la forodha. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Afisa wetu asiyekijua ataketi pale kama sisi wengine, akisubiri kuambiwa kilichosemwa.

Wenzetu wa mbali wameliona hili zamani. Marekani huwafundisha wanadiplomasia wake Kiswahili kwa muda wa wiki 36 hivi kabla ya kuwatuma. Mwaka 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji aliuhutubia mkutano wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa kwa Kiswahili, akawashangaza wengi. Sisi tunaopakana na Kenya, Tanzania na Kongo tunaliacha jambo hili kwa bahati ya mtu na alikozaliwa.

Ninapendekeza kila afisa anayepelekwa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Arusha afanye mtihani wa Kiswahili, wa kusema na wa kusoma, kabla ya kupewa tiketi. Anayeshughulikia mashariki ya Kongo, penye Goma, Bukavu na Bunia, afanye vivyo hivyo. Anayekwenda Juba, ambako wachuuzi wetu wamejaa, ajifunze Kiarabu cha Juba.

Walimu wapo. Kutoka Mbale hadi Lwakhakha na Malaba, na kutoka Jinja hadi Busia, wamejaa watu waliorejea kutoka Kenya na Tanzania, na akina mama wanaopatana bei kwa Kiswahili kila siku ya soko. Tulidharauliwa kwa lugha tuliyorudi nayo. Sasa ndiyo inayohitajika, nasi tusione haya kuitoa.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yule mfanyabiashara wa Walukuba ameshaanza: kila Jumamosi mwanawe huja kwangu na daftari. Baba mwenyewe huketi nyuma, akijidai amemsindikiza tu, lakini naye huandika.