Mulango mwembamba wa mashini ya kupima mionzi



Katika Katanga mawe ya shaba na ya kobalti yanaweza kuchanganyika na uraniumu. Wengi wanajua jina la Shinkolobwe, karibu na Likasi, ambako uraniumu ilichimbwa zamani. Uraniumu inatoa mionzi. Mionzi haionekani kwa macho na haina harufu. Ili kuijua, lazima mashini. Tueleze namna inavyofanya kazi, na kwa nini inaweza kunyamaza hata kama hatari iko.

Mashini inayojulikana zaidi ni ile ya Geiger na Müller, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka wa 1928. Ndani yake kuna bomba dogo lenye gazi, na katikati ya bomba unapita uzi wa chuma wenye umeme wa nguvu. Chembe ya mionzi ikiingia, inapiga atomi za gazi na kuzitoa elektroni. Elektroni zinakimbilia uzi, zinapiga atomi nyingine njiani, na mashini inalia: ta!

Lakini chembe iingie wapi? Chembe ya alfa, inayotoka katika uraniumu, inakwenda sentimita chache tu hewani, na karatasi moja inaizuia. Kwa hiyo bomba linahitaji mulango mwembamba sana, unaoacha chembe ipite bila kupoteza gazi. Mara nyingi mulango huo ni wa mika, jiwe linalobanduka kama kurasa za kitabu. Ukidungwa kidogo unatoboka, na mashini imekufa. Mashini nyingine hazina mulango huo: hizo hazisikii alfa.

Ndiyo sababu wenye elimu wanatafuta ngozi nyembamba zaidi. Mwaka wa 2004, huko Manchester, Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov walitenga grafini: tabaka moja tu la atomi za kaboni, kaboni ileile ya makala. Mara nyingi inaoteshwa juu ya karatasi ya shaba! Ikiwa nzima, hairuhusu gazi kupita. Katika miaka ya 2010, watafiti wa CERN, karibu na Genève, waliijaribu ndani ya mashini za gazi. Walitaka elektroni zipite, lakini ioni, yaani atomi zilizopoteza elektroni, zizuiwe, kwa kuwa zikirudi nyuma zinaharibu kipimo. Shida ni kuitandika bila tundu: ikipasuka, ioni zinapita.

Hiyo ni kazi ya maabara. Kwetu somo ni hili: mashini inasikia tu kile ambacho mulango wake unakiacha kipite.

1. Usiguse mulango kwa kidole wala kwa jiwe.

2. Ukipima alfa, ondoa kifuniko, uilete mashini karibu sana, bila kugusa kitu.

3. Maji na matope yanaficha alfa. Jiwe lililolowa linaweza kunyamaza.

4. Kimya cha mashini si ruhusa ya kuvuta vumbi. Alfa haipiti ngozi, lakini ikiingia mapafuni pamoja na vumbi inaumiza kutoka ndani, na inaweza kuleta kansa miaka mingi baadaye. Vaa maski. Nawa mikono mbele ya kula. Oga kazini.

5. Nguo za kazi zisifike nyumbani na vumbi. Wamama, zikifika, musizikung'ute ndani ya nyumba, wala musizifue pamoja na nguo za watoto.