Gesi ikiisha mtungini, huenda wapi?

Tikisa mtungi wa gesi uliojazwa juzi utasikia kama maji yakicheza ndani. Si maji. Ni gesi yenyewe, propani na butani, iliyoshindiliwa mpaka ikawa kioevu. Ukifungua koki, kioevu hicho huchemka na kutoka kama hewa, hata kabla hujawasha kiberiti, kwani propani huchemka kwa nyuzi 42 chini ya sifuri. Ndiyo maana mtungi ukipikiwa mfululizo huwa baridi na kutoka jasho. Mpaka hapo kilichobadilika ni umbo tu. Propani ni ile ile, mfano wa samli inayoyeyuka mchana na kuganda usiku. Shuleni wanaita mabadiliko ya kimaumbile.

Moto ukishika, habari ni nyingine. Kaboni na haidrojeni zilizoshikana ndani ya gesi huachana, na kila moja hujishika na oksijeni ya hewa ya pale jikoni. Kaboni inakuwa kaboni dioksaidi, haidrojeni inakuwa maji. Kilo 6 za gesi hula zaidi ya kilo 21 za oksijeni na kutoa kiasi cha kilo 18 za kaboni dioksaidi pamoja na maji yanayopita kilo 9! Umande unaouona kwenye kitako cha sufuria baridi ukiiteleka ndio hayo maji. Kwa hivyo wanaobisha kuwa kuungua ni kugeuka umbo tu, eti kwa sababu gesi imetoka gesi, hawana hoja. Vilivyotoka ni vitu vipya, na hata ukivipoza hupati tena gesi ya kupikia. Hayo ni mabadiliko ya kikemikali.

Sasa, kitu gani kipya kitatoka? Hapo inategemea hewa. Oksijeni ikiwa haba, sehemu ya kaboni huambulia nusu ya fungu lake na kuwa kaboni monoksaidi. Hii haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Na hapa ndipo seredani inapotuponza. Watu huingiza chumbani makaa yaliyoiva, mekundu, wakafunga madirisha kwa ajili ya mvua na kulala, kwa kuwa hayatoi moshi. Moshi ungekuwa afadhali, angalau ungewaamsha kwa kikohozi. Karai la maji kando ya seredani pia halisaidii, maana gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana.

Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu wawili watatu wa chumba kimoja kwa pamoja, msingoje dawa ya maumivu. Tokeni nje wote, kisha mpelekeni aliyelegea hospitalini akapewe oksijeni. Seredani ibaki uani mpaka makaa yawe majivu matupu.